Sungura ananyonyoka manyoya: brashi gani ununue, ipi uiache dukani, na namna ya kumchana bila kumuumiza

Kama unafuga sungura ndani ya nyumba basi unajua kuna wiki manyoya yanakuwa kila sehemu, kwenye kochi, kwenye shuka, kwenye kikombe cha chai, mpaka nguo nyeusi unaacha kuzivaa kwa muda. Sa hapo ndo watu wanakimbilia dukani wananunua brashi ya kwanza waliyoiona, mara nyingi ya mbwa, mara nyingi ya waya mkali, sungura anachanwa mara moja anaumia, siku ya pili akiiona tu brashi anaingia chini ya kitanda hatoki. Pesa imeenda na manyoya yapo palepale.

Niseme msimamo wangu mapema ili hata ukiishia hapa uwe na kitu: sungura wengi wa nyumbani hawahitaji ile seti ya vifaa nane kwenye kimfuko. Wanahitaji kitu kimoja cha mpira, kitana kimoja chenye meno ya karibukaribu, na vidole vyako. Vingine vinategemea manyoya ya sungura wako yakoje, na vingine havitakiwi kumgusa kabisa.

Kwanini unamchana, tuanzie hapo

Usafi wa nyumba ni sababu ya pili. Ya kwanza ni tumbo. Sungura kutwa anajilamba na kila akijilamba anameza manyoya, na tofauti na paka yeye hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu, kwaiyo kilichoingia mdomoni lazima kipite chote mpaka mwisho. Akiwa kwenye kipindi cha kunyonyoka anameza mara nyingi zaidi ya kawaida.

Zamani watu walikuwa wanasema bonge la manyoya ndo linaziba tumbo sungura anakufa. Siku hizi madaktari wa mifugo wanaielezea kwa kuigeuza: utumbo unaanza kupunguza mwendo wenyewe, labda anakula nyasi kidogo, au hanywi maji, au ana maumivu ya meno, au stresi, au joto limezidi, afu ndo yale manyoya yanakosa wa kuyasukuma yanajishikiza na chakula na kukauka. Maana yake ni nini kwako? Brashi inapunguza mzigo unaoingia, lakini kinachousukuma ni nyasi. Nyasi kavu au nyasi mbichi zinatakiwa ziwe sehemu kubwa kabisa ya chakula chake, kama asilimia 80 hivi, mbele yake usiku na mchana. Ukoka, Rhodes, chochote kisafi kisichopigwa dawa. Ukimchana kila siku huku anaishi kwa peleti na karoti unafanya nusu ya kazi.

Na ile ya kumpa nanasi au papai ili "liyeyushe manyoya" iache tu. Vimeng'enya vya nanasi haviyeyushi nywele, ila sukari yake inavuruga tumbo, yani unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Kipimo cha bure unacho kila asubuhi: angalia mavi yake. Ukikuta vidonge vimeungana kwa nywele kama shanga kwenye uzi, manyoya yanapita ila ni mengi, ongeza kuchana, ongeza nyasi, hakikisha maji yapo kwenye bakuli (kwenye bakuli wengi wanakunywa vizuri kuliko kwenye ile chupa ya kidude cha chuma). Ukikuta vidonge vimekuwa vidogo na vikavu, au hakuna kabisa, na sungura hajala kwa masaa 10 mpaka 12, hapo sahau mambo ya brashi, hiyo ni dharura, unatafuta daktari leoleo.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kunyonyoka kwa kawaida

Maelezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu wa nchi za baridi na wanakwambia sungura ananyonyoka sana mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Kwao ni kweli. Mwili wa sungura unasoma urefu wa mchana, na London mwezi wa sita mchana unafika masaa 16 na nusu hivi wakati mwezi wa kumi na mbili haufiki hata masaa 8. Dar tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa kwa mwaka mzima haifiki hata saa moja, na Nairobi ndo kabisa ni dakika chache tu. Ongeza na taa za ndani unazozima saa sita usiku. Kwaiyo usikae kusubiri "msimu", sungura wa huku anaweza kupukutika kidogokidogo muda mrefu, akapumzika, akamwaga tena, na wawili wa banda moja wasifanane. Ratiba yake utaijua kwa kumwangalia yeye. Kitu kimoja tu cha uhakika: kitoto kinabadilisha manyoya ya utotoni kuja ya ukubwani kwenye miezi minne mpaka sita, na mtu anayefuga mara ya kwanza huwa anashtuka sana hapo.

Kunyonyoka kwa kawaida huwa kunaanzia kichwani na shingoni, kunashuka mgongoni, mbavuni, na tumbo linamalizia. Unaweza kuona kabisa mstari, nyuma rangi iliyopauka mbele rangi mpya inayong'aa. Wengine wanatoa vishungi vimesimama kwenye mapaja na kiunoni, ukivishika kwa vidole viwili vinatoka vyenyewe. Ukifunua manyoya ukakuta ngozi ina mabaka meusi au ya kijivu, hasa kwa sungura wa rangi, usianze kupaka mafuta, mara nyingi ni sehemu ambayo manyoya mapya yanaota kwa wingi na rangi bado ipo kwenye mashina. Chini ya manyoya yanayotoka panatakiwa pawe na manyoya mengine mafupi yanayokuja. Hiyo ndo alama kubwa.

Sasa ukikuta upara mtupu bila manyoya mapya, simama kwanza. Mba mweupe mwingi mgongoni na shingoni, tena ukiangalia vizuri kama unatembea, hao ni utitiri. Magamba mazito ndani ya masikio ni utitiri wa aina nyingine, na magamba puani na kwenye kucha ni upele. Duara lenye upara na magamba pembeni linaweza kuwa fangasi, na huyo fangasi anahamia kwa watu, watoto hasa. Kidevu na shingo vimelowa mate na kunyonyoka, angalia meno. Na jike anayejing'oa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi mdomoni huyo hanyonyoki, anatengeneza kiota, ana mimba au mwili wake unadhani una mimba.

Kwa utitiri kuna njia rahisi ya kumsaidia daktari: bandika selotepu ya kuonea kwenye sehemu yenye mba, ibandue, ibandike kwenye kipande cha kioo au nailoni safi, nenda nayo aiangalie kwenye hadubini. Ila tafadhali, narudia tafadhali, usichukue dawa ya viroboto ya mbwa au paka yenye fipronil, kama Frontline, ukampaka sungura. Inaua sungura. Muuza duka la dawa za mifugo anaweza kukupa kwa nia njema kabisa maana kwa mbwa inafanya kazi vizuri, wewe soma lebo.

Hatua ya pili: yajue manyoya ya sungura wako kabla hujatoa hela

Hapa ndo wengi wanaruka na ndo penye majibu yote. Mpulizie taratibu mgongoni. Manyoya yakifunguka ukaona ngozi kirahisi na yakirudi yakalala yenyewe, huyo ni wa manyoya mafupi ya kawaida. Hao ni New Zealand White, California, Dutch, na chotara wetu wengi wa sokoni ambao hakuna anayejua babu zao. Hawa ni rahisi.

Ukimgusa ukahisi kama velveti, manyoya mafupi yamesimama wima na yote yana urefu sawa, huyo ni Rex au ana damu ya Rex, wale walioanzia Ufaransa mwaka 1919. Kwa sungura wa kawaida kuna nywele ndefu za juu ngumungumu zinazolinda zile laini za chini, kwa Rex zile za juu ni fupi sawa na za chini, kwaiyo hana hiyo ngao. Ukimpiga brashi ya waya unaharibu manyoya na unaifikia ngozi moja kwa moja. Kwake ni mkono wenye unyevu na kitu cha mpira laini, basi.

Manyoya yakiwa marefu ya sufi, ukipuliza hayafunguki au yanafunguka kama shimo refu, huyo ni Angora, au Jersey Wooly, au ana damu yao. Lionhead ana sufi shingoni na pengine kiunoni, sehemu nyingine mfupi, kwaiyo anahitaji vifaa vya aina mbili kwenye mwili mmoja. Kama hujanunua sungura bado na unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, mawazo yangu ni kwamba Angora umuache. Sungura anajisikia vizuri kwenye nyuzi joto 15 mpaka 20 hivi na zikipita 28 au 30 anaanza kupata shida hata yule mfupi, sembuse aliyevaa sweta. Ukishakuwa naye tayari, sawa, tutamfikia.

Hatua ya tatu: vifaa, kimoja kimoja

*Kitu cha mpira.* Hiki ndo cha kwanza kununua. Kuna brashi ya mpira yenye vidole vinene vifupi, ZoomGroom ya KONG ndo inayojulikana sana, na kuna matoleo mengi yasiyo na jina yanayofanya kazi ileile. Kuna glavu za silikoni zenye vinundu. Na kuna ile brashi ndogo ya silikoni ya kuogeshea watoto wachanga, inauzwa maduka ya vitu vya watoto, na kwa sungura mdogo naipenda kuliko zote maana inaenea kiganjani. Mpira unakamata manyoya yaliyokwisha kufa tu, haukati, haukwaruzi, na sungura wengi wanaona kama wanasuguliwa. Dukani bonyeza vidole vyake: vinatakiwa vipinde ukivisukuma kwa kidole gumba. Vikiwa vigumu havipindi hiyo ni plastiki imepakwa rangi, rudisha. Glavu zina faida kwa sungura muoga anayekimbia brashi, anadhani ni mkono tu, ila zinakamata manyoya kidogo kuliko brashi na mkono unatoka jasho balaa, kwaiyo mwanzo wa safari ni nzuri, baadae utaiweka pembeni.

*Kitana cha meno ya karibu.* Hiki ndo kinachotoa vile vishungi vya kiunoni na manyoya ya chini ambayo mpira haujayafikia. Huhitaji cha sungura, kitana cha chawa kinafanya kazi hiyo, kile cha wamachinga au cha duka la dawa, na cha viroboto vya paka ndo kilekile kwa jina lingine. Chagua chenye ncha za meno za mviringo. Njia ya kujua: kipitishe sehemu ya ndani ya mkono wako, chini ya kiwiko ambapo ngozi ni laini, kwa nguvu ileile utakayotumia kwa sungura. Kikiacha michirizi myeupe au kikiwasha, kiache hapohapo dukani. Kikague pia kwenye mwanga, jino moja lililopinda au lenye ukingo wa kiwandani linatosha kuchana ngozi. Cha chuma kinadumu, cha plastiki meno yanapanuka haraka, ila kwa kitoto plastiki ina huruma zaidi.

*Brashi ya nywele laini.* Ile ya nywele za mtoto mchanga. Haitoi manyoya mengi, tusidanganyane, lakini inafaa kumzoesha sungura mpya, inafaa usoni na kwenye masikio, na inafaa mwisho kukusanya yaliyobaki juu. Kama nyumbani mna mtoto ameshakua mnayo tayari kabatini.

*Brashi ya waya iliyopinda.* Ile bapa yenye visindano vingi. Hapa watu wanabishana sana. Mimi nasema hivi: kwa manyoya mafupi huihitaji, kwa Rex ni marufuku, kwa sufi inafaa ikiwa ndogo, laini, na kila kisindano kina kitone cha plastiki kwenye ncha, na ukiitumia juu ya sufi tu bila kugusa ngozi. Vile vitone huwa vinatoka kimoja kimoja kadri siku zinavyoenda, afu kinabaki kisindano kitupu ambacho hukioni ila yeye anakisikia. Kila kabla ya kuchana ipitishe kiganjani.

*Zenye ukingo wa wembe.* Zile za kutolea manyoya ya ndani ya mbwa na paka, zenye meno mafupi kwenye bamba la chuma, maarufu ni FURminator na kopi zake nyingi. Zinatoa manyoya mengi, tena mengi kiasi kwamba mtu anafurahi, na hapo ndo penye hatari maana anaendelea kupitisha. Ngozi ya sungura ni nyembamba sana na inachanika kirahisi mno, na chombo kile hakijui kutofautisha nywele iliyokufa na nzima. Zipo zinazouzwa kwa jina la wanyama wadogo, na wapo wanaozitumia kwa mkono mwepesi bila tatizo, lakini kwa mtu anayejifunza siipendekezi, na kopi ya bei rahisi ndo kabisa usiiguse.

*Vya ziada kwa wa sufi.* Chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, na mkasi wenye ncha butu. Wafugaji wa Angora wengi wanatumia blowa ya upepo wa baridi, inafungua sufi na kutoa mba bila kuvuta kitu. Drayeri ya saluni ina moto na kelele, kama haina sehemu ya upepo wa baridi achana nayo.

Kwaiyo manunuzi yanakuwa hivi: mfupi wa kawaida, mpira na kitana. Rex, mpira laini peke yake. Lionhead, mpira, kitana, na chanuo la shingo. Angora, chanuo, brashi ya waya yenye vitone, mkasi butu, na muda wako wa jioni.

Hatua ya nne: mzoeshe kwanza

Weka brashi chini karibu na chakula chake siku mbili tatu ainuse, aiburute, aitafune hata. Sungura anakagua kila kitu kwa meno, ndo maana nasema usinunue mpira unaotoa vipande. Kisha mkune kwa mkono kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, sehemu ambazo anapenda, na katikati ya kumkuna pitisha brashi mara moja, rudi kwenye mkono. Akitulia akashusha kichwa, endelea. Akitikisa mwili akaondoka, muache aende. Ukimfukuza na kumkamata kwa nguvu unamfundisha kwamba brashi maana yake ni kukamatwa, na somo hilo hasahau.

Hatua ya tano: kuchana kwenyewe

Kaa chini sakafuni, sio mezani. Tandika taulo au kipande cha zulia, maana kwenye vigae miguu inateleza na akiteleza anapaniki. Sungura akipiga teke kwa nguvu huku sehemu ya nyuma haijashikwa anaweza kuvunjika uti wa mgongo, hii sio kutishana, mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ina nguvu mno. Ndo maana pia ukimnyanyua mkono mmoja uwe kifuani na mwingine chini ya makalio, na masikio sio mpini, hata kama sokoni umeona wanafanya hivyo. Kumlaza chali mpaka atulie kama amelala usifanye, hajalala, anajifanya mfu kwa uoga.

Anza na mkono. Lowesha viganja kidogo kwa maji, kung'uta, mpapase kuanzia kichwani kuelekea mkiani. Manyoya yaliyolegea yatanata mkononi yanajikunja kama uzi. Kwa sungura anayemwaga kidogo hii peke yake inaweza kutosha. Kumlowesha mikono ndo mwisho wa maji lakini, usimuogeshe, sungura akilowa mpaka ndani anapoteza joto haraka, anachelewa sana kukauka, na wengine wanapata mshtuko.

Kisha mpira, mistari mifupi kufuata manyoya yalivyolala, shingoni, mabegani, mgongoni. Kila mistari michache toa manyoya kwenye brashi uyatupie kwenye mfuko au ndoo yenye kitambaa chenye unyevu, ukiyaacha hewani utayala wewe. Mwenye pumu au mafua ya vumbi avae barakoa na afanyie barazani kusiko na upepo.

Kisha kitana, na hapa taratibu. Kilaze, kisiwe kimesimama wima kwenye ngozi, pitisha kwenye ncha za manyoya kwanza halafu shuka kidogokidogo. Kikikwama usivute. Rudisha nyuma, fungua kwa vidole, jaribu tena. Vile vishungi vilivyosimama kiunoni ving'oe kwa vidole viwili, kimoja kimoja, kwa mvuto mdogo sana, vinavyotaka kutoka vitatoka na visivyotaka viache mpaka kesho.

Tumboni na sehemu ya kwapani ngozi ndo laini kuliko kote, usiingize kitana. Mkono wenye unyevu au ile brashi ya mtoto inatosha. Nyayo ziache kabisa: sungura hana vile vinyama laini vya chini ya miguu walivyonavyo mbwa na paka, yale manyoya ya nyayoni ndo viatu vyake, ukiyapunguza anapata vidonda kisiginoni. Nyuma chini ya mkia angalia tu kama pasafi, maana kwenye joto letu nzi wakitaga kwenye manyoya yenye uchafu funza wanaweza kutoka ndani ya siku moja.

Dakika tano mpaka kumi zinatosha kwa mkao mmoja. Kuna mtu atakwambia endelea mpaka manyoya yaishe, hayaishi, ndani ya wiki ile ya kumwaga kila ukipitisha yatatoka mengine, na wewe unachokifanya baada ya robo saa ni kusugua ngozi iliyokwisha kuchoka. Ukiona wekundu, acha.

Kuhusu mara ngapi: mfupi ambaye hanyonyoki, mara moja kwa wiki. Akiwa anamwaga, kila siku au kwa kuruka siku moja. Wa sufi kila siku au walau kwa kuruka siku moja mwaka mzima, anyonyoke asinyonyoke, maana sufi ikikaa inashikana. Kama unafuga wawili kumbuka wanalambana, ambaye hanyonyoki anameza ya mwenzake, chana wote.

Mafundo

Fundo dogo lifungue kwa vidole, kuanzia nje kuingia ndani, mkono mwingine umeshika manyoya chini ya fundo karibu na ngozi ili mvuto uishie mkononi kwako usifike kwake. Likiwa gumu, likate vipande kwa urefu kwa mkasi butu, kuelekea nje, halafu chana. Kitu cha hatari ni kuvuta fundo juu na kukata chini yake, ngozi ya sungura inainuka na manyoya na unakata vyote viwili kabla hujajua. Ingiza kitana kati ya fundo na ngozi, kata juu ya kitana. Fundo likiwa limekaa bapa mwili mzima, sufi imekuwa kama kapeti, mpeleke kwa daktari akamnyoe, sio kazi ya nyumbani.

Kwa Angora wa pwani, au yeyote wa sufi ambaye hamuonyeshi wala hamuuzii sufi yake, kumpunguza mpaka sentimita mbili au tatu ni huruma kwake. Feni isimpige moja kwa moja, chupa ya maji ya barafu imefungwa kitambaa aiegemee akitaka.

Vifaa vyenyewe

Toa manyoya kila baada ya kutumia, osha kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto mara moja kwa wiki kipindi cha kumwaga, anika juani. Vya mbao visikae kwenye maji. Sungura mwenye utitiri au fangasi awe na kitana chake peke yake mpaka daktari aseme amepona, na cha bei rahisi kitupe ukanunue kingine badala ya kuhangaika kukichemsha. Kitana cha chawa ulichomnunulia sungura kiandike kwa maka peni isiyofutika, hasa kama nyumbani kuna watoto wa shule.